Picha ya Sumaku: Kwa Nini Huharibika, na Namna ya Kuelewa Majibu Yake

Mzee mmoja wa upande wa Kabambare alikuja kuketi barazani petu, akiwa na bahasha kubwa mapajani. Alikuwa ametoka safari ndefu. Miguu yake ilikuwa imeanza kufa ganzi, na radio ya mgongo haikuonyesha sababu iliyo wazi. Basi akauza mbuzi wake wote, na ndugu zake wakachanga franga zilizopungua, ili apelekwe mji mkubwa akapigwe picha katika mashini ya IRM. Kule alipewa bahasha, naye akairudisha mpaka kwetu bila kuifungua, maana aliogopa kuichafua. Tulipoifungua tulikuta filamu nne nyeusi na karatasi moja. Karatasi ilisema kwamba picha hazisomeki vizuri kwa sababu mgonjwa alitikisika. Ni vema zipigwe tena.

Mbuzi wote, na siku zote zile za njiani, na jibu ni "rudia."

Hatukumlaumu mzee. Aliambiwa alale, akalala. Mashini ikaanza kupiga kelele kama nyundo juu ya bati, akashtuka. Halafu maumivu ya mgongo yakamkamata, akageuka upande. Nani asingegeuka? Kosa lilikuwa la sisi wauguzi tuliomtuma pasipo kumweleza atakutana na nini. Ndiyo maana tunaandika habari hii, ili mtu wa Lusangi, wa Kasongo au wa Kabambare anayetumwa mbali kwa picha hiyo asirudi na bahasha isiyosema neno.

Mashini yenyewe ni kitu gani

Watu wengi huita kila picha ya hospitali "radio." Lakini radio ile hutumia miali ya X, na sikaneri vile vile. IRM, ambayo jirani zetu wa Uganda, Kenya na Tanzania huiita MRI, haitumii miali ya X hata kidogo. Ni sumaku kubwa yenye tundu katikati, na mgonjwa huingizwa ndani ya tundu hilo akiwa amelala kitandani.

Mwili wetu ni maji kwa sehemu kubwa. Ndani ya maji na ndani ya mafuta ya mwili mna hidrojeni, na kila kiini cha hidrojeni ni kama sumaku ndogo sana. Mtu akiingia katika sumaku kubwa, baadhi ya viini hivyo hujipanga kuifuata, kama askari wanaposikia amri. Ndipo mashini hupeleka mawimbi ya redio, na viini huinama. Mawimbi yakikoma, viini hurudi mahali pao, na katika kurudi hutoa sauti yao hafifu ya redio. Waya zilizofungwa karibu na mwili huisikia sauti hiyo, na kompyuta huitengeneza kuwa picha. Viini vya maji, vya mafuta na vya nyama havirudi kwa mwendo mmoja, na kwa hiyo picha ina nyeupe, nyeusi na kijivu.

Nguvu ya sumaku hupimwa kwa tesla. Mashini nyingi za miji mikubwa zina tesla 1.5, nyingine 3. Tesla 1.5 ni kama mara 30,000 ya nguvu ile ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Nguvu hiyo haizimwi jioni wafanyakazi wanapokwenda nyumbani. Mashini ikinyamaza kimya, sumaku ingali ikivuta.

Chuma

Hapa yatupasa kukaa kidogo, kwa kuwa jambo hili si la kuharibu picha tu, ni la kuua. Mwaka 2001, katika hospitali moja ya Jimbo la New York huko Marekani, mtoto wa miaka 6 aliuawa na chupa ya oksijeni iliyoruka na kuingia ndani ya mashini alimokuwa amelala. Kiti cha magurudumu, mkasi, ufunguo, kisu cha mfukoni, vyote vyaweza kuruka namna hiyo.

Lakini sisi wa Maniema tuna chuma kingine, kile kisichoonekana. Vita vimepita katika nchi hii mara nyingi, na kuna watu wanaotembea na kipande cha risasi au cha bomu mwilini kwa miaka ishirini, na wamekwisha kukisahau. Risasi nyingi za vita zina chuma ndani yake. Kipande kilichotulia katika nyama ya paja chaweza kukaa pasipo kuleta hatari kubwa, lakini kilicho karibu na uti wa mgongo, na jicho, au na mshipa mkubwa wa damu, chaweza kusogea na kukata. Tena wapo wachimbaji wa dhahabu wa Namoya na Salamabila. Mtu anapopiga patasi kwa nyundo, kibanzi cha chuma huruka na kuingia jichoni. Huuma siku mbili, kisha anakisahau. Sumaku haikisahau. Watu wameharibikiwa macho kwa njia hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kusafiri, mwambie mganga kila kitu: risasi, kibanzi, chuma kilichowekwa kushika mfupa uliovunjika, mashini ndogo ya moyo, hata kama ulipata jambo hilo ujanani, hata kama ni jambo la aibu kulisimulia. Atakupiga kwanza radio ya jicho au ya mahali pale, nayo huonyesha chuma mara moja. Vyuma vingi vinavyowekwa na waganga kushika mifupa haviruki, lakini lazima wajue ni vya namna gani. Mwanamke mwenye mimba naye aseme, na mtu mwenye ugonjwa wa figo aseme, kwa sababu pengine hutiwa dawa mshipani ili sehemu mbaya ing'ae, na dawa ile haimfai kila mtu.

Kuna pia chuma kidogo kisicho na hatari kubwa lakini kinachoiba picha: pini za nywele, waya ndani ya nywele za bandia, kifungo cha sidiria, hirizi yenye bati, sarafu iliyofungwa pembeni mwa kitenge, sindano iliyosahauliwa katika pindo la nguo. Mahali penye chuma huonekana shimo jeusi lenye ukingo mweupe, na vitu vya kando hupindika kama uso katika kioo kibaya. Mama anayekwenda kupigwa picha ya kichwa afumue nywele kabla ya kuondoka nyumbani. Ni afadhali kufumua nywele Kasongo kuliko kufumuliwa kwa haraka mlangoni pa mashini, na watu kumi wakingoja nyuma yako.

Kutulia

Picha ya simu hupigwa kwa kufumba na kufumbua. Picha ya IRM si hivyo. Kila mfululizo wa picha huchukua dakika kadhaa, na kazi nzima huchukua nusu saa, pengine zaidi. Ile ya kwanza kabisa ya kifua cha mtu hai, aliyoipiga Raymond Damadian na wasaidizi wake huko New York tarehe 3 Julai 1977, ilichukua karibu saa tano. Kwa hiyo tusinung'unike sana.

Mashini hukusanya picha kidogo kidogo, sehemu kwa sehemu, kisha kompyuta huziunganisha zote pamoja. Ukitikisika mara moja, kosa halikai mahali pamoja. Huenea katika picha nzima, na mwili huonekana mara mbili au tatu, kama kivuli juu ya kivuli. Kumeza mate huharibu picha ya shingo. Kupumua huharibu picha ya tumbo, na kwa hiyo utaambiwa ushike pumzi, kisha uiachie.

Basi jizoeze nyumbani. Lala chali mkekani nusu saa pasipo kusogea, mikono kando. Ukiona huwezi kwa sababu ya maumivu, mwambie mganga mapema, upewe dawa ya maumivu kabla ya kuingia, na uombe mto chini ya magoti. Mto huo mdogo umeokoa picha nyingi za mgongo. Nenda chooni kwanza. Ukiwa na kikohozi, sema. Utapewa vizibo vya masikio, na kitu cha kuminya mkononi ili kuwaita wafanyakazi. Kiminye ukiogopa sana, usijaribu kutoka mwenyewe. Wale wanaoogopa mahali pa kufungwa hufumba macho kabla ya kuingizwa, wala hawafumbui mpaka watolewe. Kwa mtoto, mama apige sufuria kwa kijiko karibu naye siku chache kabla, kwa mchezo, ili kelele ile isiwe ngeni kwake. Watoto wachanga mara nyingi hunyonyeshwa, hufunikwa, na kupigwa picha wakiwa usingizini.

Makosa ya mashini

Si kila picha mbaya ni kosa la mgonjwa. Mlisikiliza redio zamani, usiku, mawimbi mafupi, jirani akiwasha jenereta: sauti ya mtangazaji ikafunikwa na mngurumo. Ndivyo ilivyo kwa IRM, kwa maana nayo ni redio inayosikiliza sauti hafifu. Kwa hiyo chumba chake huzungushiwa shaba ukutani pote, mpaka mlangoni. Mlango ukiachwa wazi kidogo, au taa mbovu ikiwaka ndani, hutokea mstari wa vidoadoa unaokata picha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Waya za kusikilizia zikifungwa mbali na mahali panapouma, picha huwa na ukungu upande huo. Na kama eneo la picha lilipimwa dogo kuliko mwili, sehemu iliyobaki nje hujikunja na kuingia upande wa pili; hivyo pua ya mtu yaweza kuonekana kisogoni pake. Anayejua kazi atalitambua jambo hilo, acheke, apige tena. Asiyejua ataandika ugonjwa usiokuwapo.

Habari nzuri imetoka Uganda. Katika mji wa Mbale kuna hospitali ya watoto ya CURE inayotibu watoto wenye maji kichwani, na kwa mganga wa watoto kama hao picha ya ubongo ni kama taa ya mtu atembeaye usiku. Lakini mashini kubwa ina gharama kubwa mno, yataka umeme usiokatika, na yataka heliamu iliyopozwa hadi digrii 269 chini ya sifuri. Kwa hiyo Johnes Obungoloch wa Chuo Kikuu cha Mbarara, pamoja na wenzake wa Leiden huko Uholanzi na wa Pennsylvania huko Marekani, wakatafuta njia nyingine. Mwaka 2022 vipande vya mashini ndogo vililetwa Mbarara, na watu wachache wakaviunga hapo hapo. Katika siku kama 11 tangu kuanza walikwisha kupata picha za kwanza. Sumaku yake imefanywa kwa mamia na mamia ya vipande vidogo vya sumaku vilivyopangwa katika duara. Haihitaji heliamu, wala haihitaji umeme mwingi.

Nguvu yake ni kama tesla 0.05 tu, yaani mara thelathini chini ya ile ya tesla 1.5. Sauti anayotoa mgonjwa ni ndogo sana, na mashini huisikiliza kwenye megahezi 2 na kidogo, karibu na mawimbi ya redio za kawaida, mahali penye fujo nyingi. Joto la chumba likibadilika, sumaku za namna hii nazo hubadilika. Picha yake basi ina ukungu. Je, picha yenye ukungu yafaa kitu? Mwaka 2021 wataalamu waliwaonyesha waganga wa upasuaji picha za vichwa vya watoto zilizofifishwa kwa makusudi. Ilionekana kwamba hata picha duni yaweza kutosha kuamua matibabu ya maji kichwani. Walionya pia juu ya jambo lingine: kompyuta yaweza kuirembesha picha duni mpaka ipendeze macho, na katika kurembesha ikatia vitu ambavyo havimo mwilini. Mimi naona ni afadhali picha yenye ukungu isiyosema uongo. Macho ya mtu huvutwa na uzuri upesi sana.

Kuelewa majibu

Kwanza tazama jina, tarehe, na sehemu iliyopigwa. Bahasha hubadilishwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kisha ujue kwamba katika picha iliyokatwa mwili kwa upande, mkono wa kuume wa mgonjwa huwa upande wa kushoto wa filamu, kama vile mtu anayesimama mbele yako. Weupe na weusi peke yake si ugonjwa. Katika picha iitwayo T1 maji huwa meusi. Katika ile iitwayo T2 maji yale yale huwa meupe. Mtu asiyejua akiona doa jeupe asianze kulia.

Picha hii imefundisha waganga mengi. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth ya Blantyre, Malawi, mashini ilifungwa mwaka 2008, na watoto waliozimia kwa malaria ya kichwa wakapigwa picha. Habari ziliandikwa mwaka 2015: katika watoto 168, watoto 25 walikufa, na 21 kati yao ubongo ulikuwa umevimba sana tangu siku ya kuingia. Katika wale 143 waliopona, 39 tu walikuwa na uvimbe kama huo. Kabla ya hapo waganga walibishana miaka mingi ni kitu gani hasa kinachowaua watoto hawa.

Lakini picha safi haimaanishi mtu si mgonjwa. Mnajua konzo, ugonjwa wa kukakamaa miguu unaowapata watu wanaokula muhogo mchungu ambao haukulowekwa siku za kutosha. Mganga Trolli aliuandika kwanza mwaka 1938, akitoa habari za Kwango, katika nchi yetu hii. Waganga wamekwisha kuwapiga wagonjwa wa konzo picha ya IRM, ya ubongo na ya uti, na picha ikatoka pasipo kasoro. Mtu haendi bila fimbo, na picha yasema "kawaida." Kwa hiyo usikubali mtu akuambie unadanganya kwa sababu filamu yako ni nzuri.

Na kinyume chake ni kweli pia. Mwaka 1994 waganga wa Marekani walitoa habari za watu 98 wasioumwa mgongo kabisa, waliopigwa picha. Nusu yao na zaidi kidogo, 52 kwa mia, walikuwa na walau diski moja iliyovimba nje. Diski ni ule mto mdogo ulio kati ya mfupa na mfupa wa mgongo.

Yule mzee wetu alirudi kwenye mashini baada ya miezi miwili. Kanisa lilimsaidia nauli. Safari hii alijizoeza mkekani, akamezeshwa dawa ya maumivu, akawekewa mto. Aliporudi na bahasha, mwuguzi alikaa naye.

"Mwanangu, nimesomewa njiani. Wameandika diski tatu zimeharibika. Mgongo wangu umekwisha."

"Baba, una miaka mingapi?"

"Nilizaliwa mwaka wa kabla ya uhuru."

"Na umebeba mizigo miaka mingapi?"

"Tangu utoto. Muhogo, mawese, matofali ya kanisa."

"Basi diski hizo ni kama mvi, Baba. Ukimpiga picha mtu yeyote wa umri wako utazikuta. Aliyekusomea aliishia kati. Hebu tuone mstari wa mwisho."

"Wasema nini?"

"Wasema mifupa miwili ya juu zaidi imeliwa, na kando yake kuna usaha unaobana uti. Hiyo ndiyo inayoua ganzi miguu yako. Wanadhani ni kifua kikuu cha mifupa."

"Kifua kikuu? Mimi sikohoi."

"Chaweza kukaa mgongoni pasipo kikohozi, Baba. Je, usiku unatoka jasho?"

Mzee alinyamaza kidogo. "Shuka zote hulowa," akasema. "Hakuna aliyeniuliza."

Picha peke yake haitoshi kuthibitisha. Mganga alitoa usaha kwa sindano, ukapimwa, na kifua kikuu kikaonekana. Alianza dawa juma lile lile, za miezi mingi, naye alikuwa bado anaweza kusimama alipoanza.

Kwa hiyo mwombe mganga aliyekutuma akusomee karatasi yote, hasa sehemu ya mwisho yenye hitimisho, na umwambie dalili zako zote hata kama hakuuliza. Uliza maneno haya matatu: Je, kilichoonekana ndicho kinachoniumiza? Je, kinabadilisha dawa yangu? Je, picha ilikuwa safi au yenye mashaka? Kama imeandikwa kwamba picha haikuwa nzuri, uliza sababu kabla ya kulipa ya pili: kama ni kutikisika, kama ni chuma, au kama ni mashini. Ikiwa kosa ni la mashini, una haki ya kuuliza kama watairudia pasipo malipo.

Filamu zako usizikunje wala usiziweke juani au karibu na moto. Ukipewa sahani ya kompyuta, iweke pamoja nazo. Zifunge katika plastiki, uzitundike juu, mbali na mchwa na watoto, na uje nazo kila unapokuja hospitali, hata ukija kwa ajili ya jino.